Kabla ya Kuongeza Timu Kwenye Ligi, Hesabu Wikendi

Msomaji mmoja kaniandikia: ligi yao ina timu 12, nyingine 8 zinabisha hodi, na mwenyekiti anataka ziingie zote ili ligi ichangamke. Huyo mwenyekiti namjua, kila kamati inaye wa kwake. Wa kwetu aliniita adui wa timu ndogo siku niliposema tupunguze. Mbele ya kikao kizima.

Kwa ligi ya nyumbani na ugenini, zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo ukitoa moja. Timu 12 ni mechi 132, raundi 22, yaani wikendi 22. Timu 20 ni mechi 380, raundi 38. Mechi zimekaribia mara tatu, waamuzi ni wale wale. Idadi ikiwa witiri ndiyo balaa zaidi, kila raundi kuna timu inakaa bure.

Wakubwa nao walipunguza. Ligi Kuu ya England ilianza 1992 na timu 22. Mwaka 1995 zikashuka 4, zikapanda 2, zikabaki 20. Ufaransa ilitoka 20 ikaja 18 msimu wa 2023/24.

Sisi tulikuwa na 16. Ratiba ilijaa viporo, mechi zilizoahirishwa, hadi haisomeki. Timu za mkiani zikishajua zimeshuka hazitokei: mwamuzi anasimama katikati ya uwanja na mpira mkononi, anatazama saa, anapuliza kipenga, pointi tatu za mezani. Msimu bingwa alipopatikana kwa pointi hizo, hoja yangu ikapita. Leo mwenyekiti aliyeniita adui anatamba eti wazo lilikuwa lake. Haya.

Kwa hiyo ndugu yangu, hesabu wikendi kwanza. Toa za kombe, acha chache za viporo, zinazobaki ndizo zikupe idadi ya timu. Usianze na maombi ya timu, anza na wikendi. Ukiona mechi ni chache, tazama Scotland: timu 12 zinacheza raundi 33, kisha zinagawanywa sita juu na sita chini, zinamalizia raundi 5.

Hizo 8 zipeni daraja lao la chini, mbili zipande kila msimu. Na kanuni ya kupanda na kushuka ipitishwe kabla ligi haijaanza. Mkingoja msimu uishe, timu iliyoshuka itakuja kikaoni na mashabiki wake.