Nani hasa anampeleka mwanariadha Olimpiki?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anakimbia marathoni, na kocha wake anasema kiwango cha Olimpiki hakiko mbali. Huyu anatuambia twende BMT (Baraza la Michezo la Taifa), yule TOC (Kamati ya Olimpiki Tanzania), mwingine shirikisho la riadha. Kwani si serikali ndiyo inayopeleka timu? (Msomaji, Babati)

JIBU: Ndugu yangu, anzeni kwenye shirikisho la riadha. Serikali husaidia fedha na kambi, lakini jina la mchezaji hupokelewa Olimpiki kutoka kwa kamati ya olimpiki ya nchi yake tu. Kwetu ni TOC, iliyoanzishwa 1968. BMT, iliyoundwa kwa sheria ya 1967, ni chombo cha serikali kinachosajili na kusimamia vyama vya michezo. TOC nayo haiokoti wakimbiaji barabarani: shirikisho linapendekeza, kamati inaamua.

Muda wenyewe si mchezo. Kwa Paris 2024 wanaume waliwekewa saa 2:08:10, na nchi moja haikuruhusiwa kupeleka zaidi ya watatu. Halafu muda huo lazima upatikane kwenye njia iliyopimwa na kuthibitishwa kimataifa. Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Niliwahi kushika matokeo ya kijana aliyekimbia vizuri mno; nilipoomba cheti cha kipimo cha njia, waandaaji hawakuwa nacho. Jasho lote lile halikuhesabika.

Kuhusu serikali, umegusa jambo zito. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya Makaburu na New Zealand ikaachwa ishiriki. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 kwa 3:32.2, hakukimbia. Dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, yuleyule ambaye Bayi alimwacha nyuma kule Christchurch. Bayi alisubiri hadi Moscow 1980, akapata medali ya fedha katika kuruka viunzi na maji mita 3000. Baadaye akawa katibu mkuu wa TOC kwa miaka mingi. Naamini msimamo ule ulikuwa wa haki, na bado gharama yake inaniuma.

Leo Mkataba wa Olimpiki unazitaka kamati zipeleke wachezaji, na serikali ikiziingilia nchi inaweza kufungiwa. Kuwait ilifungiwa 2015. Mwaka uliofuata, Fehaid Al-Deehani alipotwaa dhahabu ya kulenga shabaha Rio, ilipandishwa bendera ya Olimpiki, si ya nchi yake.

Kwa hiyo, kabla mdogo wako hajalipia mbio nyingine, ulizeni kwanza cheti cha njia. Na hakikisheni jina kwenye matokeo linafanana, herufi kwa herufi, na la pasipoti.