Neno moja la Kilatini lililoniangusha kongamanoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ujumbe wake ni mfupi, na ameniruhusu niunukuu: "Mwalimu, ikisiri yangu imekataliwa kwa mara ya tatu. Safari hii hata sababu hawakunipa. Nimeanza kuamini kwamba makongamano haya ya kina Descartes na Spinoza yana wenyewe. Niendelee au nikae pembeni?"

Ikisiri, kwa asiyejua, ni muhtasari mfupi wa mada unaoutuma ili ukubaliwe kuzungumza kongamanoni. Ujumbe ule niliusoma nikiwa nimesimama, nikausoma tena nikiwa nimekaa. Kuna wakati ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno. Nimeona nisimjibu faraghani. Najua wengi mnaonisoma mnakitamani kile ninachokitamani: kusimama mbele ya watu wanaoijua falsafa ya Ulaya ya karne ya 17 na 18, zama za kina Descartes na Spinoza, nje ndani, na kuwaambia jambo ambalo hawajawahi kulisikia. Basi nisikilizeni.

Kongamano langu la kwanza nilikwenda na mada juu ya Anton Wilhelm Amo. Kwa asiyemfahamu, Amo alizaliwa karibu mwaka 1703 huko Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya angali mtoto, akasoma Halle na Wittenberg, na baadaye akafundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Mwaka 1734 alitetea tasnifu iliyoandikwa kwa Kilatini, akidai kwamba akili ya binadamu haina hisi. Kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Akili yenyewe, kwa kuwa ni roho, haiguswi na kitu. Katika tasnifu hiyo anamtaja waziwazi Descartes, Mfaransa aliyefundisha kwamba akili na mwili ni vitu viwili tofauti, ananukuu barua yake moja, na kumpinga.

Nilimpenda Amo tangu ukurasa wa kwanza. Niliandika ikisiri yangu kwa moto, ikakubaliwa, na kwa miezi minne sikuzungumza habari nyingine. Hoja yangu ilikuwa hivi: Amo anapokana kwamba akili huteseka pamoja na mwili, anasema jambo kubwa kuhusu maumivu, na mtu aliyetolewa kwao akiwa mtoto ana sababu ya kulisema. Ilikuwa hoja tamu. Niliisoma mbele ya kioo mpaka nikaijua kwa moyo.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini. Nilisoma kwa dakika ishirini na tano bila kukwama. Nilipomaliza walipiga makofi, na mwenyekiti wa kikao akafungua maswali. Mkono wa kwanza ulinyooshwa na mama mmoja mzee, safu ya tatu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Hakunipinga. Alisema, kwa upole kabisa: "Nimefurahi sana kukusikia. Naomba nisaidie kitu kimoja. Hapo Amo anaposema akili haiteseki, neno lake la Kilatini ni lipi? Na ile barua ya Descartes anayoijibu, iliandikwa kwa lugha gani?"

Koo lilinikauka. Nilikuwa nimesoma tafsiri ya Kiingereza tu. Kilatini cha Amo sikuwa nimekifungua hata siku moja. Kuhusu barua, nilijibu "Kilatini" kwa sababu ndilo jibu lililonijia mdomoni. Barua ile Descartes aliiandika kwa Kifaransa. Yule mama aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi, akasema asante. Hakuna aliyenicheka. Ila baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena swali la maana, na kwa mtoa mada hakuna adhabu kubwa kuliko ukumbi unaokuonea huruma.

Wakati wa chai mambo yalizidi. Mtu mmoja mwenye jina katika fani hii alinikaribia na kikombe mkononi, akaniuliza kama kwa maoni yangu Amo ni falsafa kweli, au ni historia ya mtu aliyekuwa na maisha ya ajabu. Nilitafuta jibu nikalikosa. Mpaka leo nikikumbuka kikombe kile, na jinsi alivyogeuka kumsalimia mtu mwingine kabla sijafungua mdomo, damu inanichemka. Siandiki haya kumlipiza. Naandika kwa sababu naamini aliniuliza vile kutokana na mada niliyoisoma. Nilikuwa nimewapa maisha ya Amo kwa wingi na hoja ya Amo kwa kijiko. Ningekuwa nimeshika lile neno la Kilatini, asingethubutu.

Kabla ya kuondoka niliikuta karatasi ndogo juu ya begi langu. Ilikuwa na neno moja, kwa mwandiko wa mkono uliotetemeka kidogo: *pati*.

Wanafalsafa wa zama zile walizoea kuliweka *pati* kando ya neno jingine, *agere*. La kwanza ni hali ya kitu kinachofikwa na tendo la kingine. La pili ni kufanya tendo lenyewe. Tafsiri niliyoitegemea ilitumia neno ambalo siku hizi masikioni mwa wengi lina maana ya kuumia na kuteseka, na mimi nikajenga nyumba nzima juu ya maumivu. Amo hakuwa akizungumzia maumivu peke yake. Kwake roho kwa asili yake ni kitu kinachotenda tu, tena chenyewe na kwa kusudi. Kwa hiyo haiwezekani kitu kingine kiitende.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna udhuru wa kulikosa jambo hili. Kutenda na kutendwa: tofauti nzima imo ndani ya herufi moja. Mtoto anajua kwamba aliyepiga siye aliyepigwa. Nilipoandika sentensi ya Amo upya katika daftari langu, "nakubali kwamba akili hutenda pamoja na mwili, nakana kwamba hutendwa pamoja nao," niliiona hoja yake ikisimama wima mbele yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefikiri kwa lugha ya watu muda wote huo, na jibu lilikuwa kwenye lugha ninayoota nayo.

Nilikaa miaka miwili na nusu bila kutuma ikisiri popote. Nilisoma Kilatini, basi, sina la kusimulia hapo.

La kusimulia ni barua. Swali la pili la yule mama lilikuwa likiniwasha bado, nikaanza kuifuatilia ile barua aliyoinukuu Amo. Ni ya Mei 1643, na aliyeandikiwa ni binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, wakati huo ana miaka 24. Yeye ndiye aliyeanza, kwa kumuuliza Descartes swali ambalo wanafunzi wa falsafa wanalihangaikia hadi sasa: ikiwa nafsi ni kitu kinachofikiri tu, kisicho na umbo wala uzito, inawezaje kuusukuma mwili? Descartes akajibu, na ndani ya jibu hilo mna ile kauli kwamba nafsi, ikiwa imeungana na mwili, hutenda na kutendwa pamoja nao. Hiyo ndiyo kauli aliyoishika Amo miaka tisini na moja baadaye.

Sasa angalieni. Barua za Descartes zilianza kuchapishwa na mhariri wake Clerselier mwaka 1657. Za Elisabeth hazikuwemo, maana mwenyewe alikataa zitolewe, na hazikuchapishwa mpaka mwaka 1879. Kwa hiyo Amo alisoma jibu bila kuliona swali! Na ukiyaweka maandishi hayo mawili mezani, utaona kwamba barua ya kwanza ya Elisabeth inatilia shaka upande wa kutenda, yaani nafsi kuuendesha mwili, ilhali Amo anaukubali upande huo na kuukana ule wa kutendwa. Watu wawili ambao hawakuwahi kukutana waliikamata sentensi moja, kila mmoja kwa upande wake.

Nililiona hilo saa tano za usiku, nikainuka nikatembea chumbani mpaka miguu ikachoka. Ikisiri niliiandika kesho yake. Ilikuwa na maneno 320, na aya ya kwanza ilikuwa sentensi ya Amo na tarehe mbili, 1657 na 1879. Ilikubaliwa mara ya kwanza.

Safari hii haukuwa mkutano mkubwa. Ilikuwa warsha ya siku mbili, watu kumi na wanne kuzunguka meza moja. Niligawa karatasi yenye Kilatini upande mmoja na tafsiri yangu upande wa pili, nikasoma kidogo, tukabishana sana. Tulipitisha saa nzima na hakuna aliyetazama saa. Mwisho wa kikao watu watatu waliniomba nakala ya mada. Nasema haya kwa fahari, sitajidai mnyenyekevu. Nilistahili. Ninachosikitika ni kwamba yule mama wa miwani hakuwepo, na jina lake sikuwahi kulishika.

Basi ushauri wangu ndio huu, na nitaurudia mpaka mchoke. Usipeleke mwanafalsafa mzima kongamanoni. Peleka aya moja. Peleka sentensi moja ukiweza, katika lugha aliyoiandika mwenyewe. Wanaochambua ikisiri husoma nyingi, mara nyingi bila kuona jina la mwandishi, na kichwa cha "Descartes na nafsi" wameshakiona mpaka macho yamewauma. Wakikuta sentensi, na mtu anayewaonyesha kwa nini sentensi hiyo imesomwa vibaya, wanasimama.

Lugha asilia, ndugu zangu. Si lazima uwe bingwa. Lakini aya unayoisimamia uijue neno kwa neno, na ujue kila neno lingeweza kutafsiriwa vipi vingine. Haya hayana mjadala.

Chagua mkutano unaokutosha. Chama cha wasomi wa David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, kilichoanzishwa mwaka 1974, hukutana kila mwaka, na huko utakuta watu waliompa Hume maisha yao yote. Wapenzi wa mwanafalsafa Mjerumani Leibniz wana makongamano yao Hannover, mji aliofia mwaka 1716 na zilipo karatasi zake. Mikutano ya namna hii inatisha kwa mgeni, ila ndiyo inayokufaa kuliko ile mikubwa ya falsafa yote, ambako utasoma mada yako kwa watu sita, wawili kati yao wakisubiri kikao kinachofuata. Ukipata warsha ndogo, ikimbilie.

Na swali likija, lipokee. Hapa ninawasema hasa wale wanaolichukulia swali kama shambulio. Mnasahau tunasoma nini? Mwaka 1641 Descartes alipochapisha tafakuri zake kuhusu falsafa ya kwanza, alizitoa pamoja na mafungu sita ya pingamizi na majibu yake, na la saba likaongezwa mwaka 1642. Rafiki yake, padri Mersenne, ndiye aliyezungusha muswada kwa watu ili waushambulie kabla haujatoka. Pingamizi zimo ndani ya kitabu chenyewe, jalada moja! Someni anavyomjibu Mwingereza Hobbes, kwa mkato na kwa hasira, halafu msome anavyomjibu Mfaransa Arnauld, kijana wa miaka 29, kwa kirefu na kwa heshima, mpaka akakubali kurekebisha baadhi ya maneno yake. Yale majibu kwa Hobbes hayamfundishi mtu mengi. Yale kwa Arnauld watu bado wanayaandikia mada.

Kwa hiyo ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, andika swali, na uandike jina la aliyeuliza. Mimi sikuandika jina.

Sasa nikurudie wewe uliyeniandikia. Nimeisoma ikisiri yako uliyoambatanisha. Inaitwa "Spinoza na uhuru," na ndani yake umepita kitabu chake kikuu chote katika maneno 400. Sikulaumu, mimi nilikuwa vilevile. Ila hapo katikati, kwenye mstari wa kumi na moja, umetaja kwa haraka barua yake kwa rafiki yake Schuller ya mwaka 1674, ile ya jiwe. Jiwe limesukumwa na kitu cha nje, liko mwendoni, na Spinoza anatutaka tudhani kwamba linafikiri: linajua linajitahidi kuendelea kwenda, halijui kilicholisukuma, basi linajiona huru. Ukaliacha jiwe likapita, ukaendelea na mambo mengine.

Rudi kwenye mstari huo. Futa yaliyo juu yake na yaliyo chini yake. Uliza jiwe hilo lingebadilika nini kama lingejua limesukumwa, na barua yenyewe inasema nini kuhusu hilo, katika Kilatini chake. Nitumie kabla ya Ijumaa, neno unalolitilia shaka likiwa juu kabisa ya ukurasa, nami nitakuandikia maswali pembeni.