Maswali ya Anga: Masizi ya Nova

Tangu niandike kuhusu nova, nyota zinazong'aa ghafla kwa mlipuko, maswali yamezidi nafasi. Leo najibu matano.

Nova maana yake "mpya". Basi nyota huzaliwa tukiitazama? (Nakuru)

La. Jina hilo la Kilatini linapotosha. Mlipukaji ni kibete cheupe, kiini cha nyota iliyomaliza kuni zake, kinachonyonya hidrojeni ya nyota jirani. Hidrojeni ikirundikana mno, hulipuka usoni pake. Kibete chenyewe hubaki na kuanza kunyonya upya.

Kuna nova hung'aa wiki kadhaa, halafu ghafla haipo. Huenda wapi? (Kondele, Kisumu)

Haiendi popote, imejitanda shuka. Chukua DQ Herculis, iliyolipuka Desemba 1934. Miezi minne ilionekana kwa macho matupu, kisha Aprili 1935 ikaporomoka hata ikahitaji darubini. Baadaye ikapanda tena! Nyota iliyokufa haifanyi hivyo. Waliokisia kwamba ni vumbi walikuwepo, ila jibu zuri lilikuja 1970 kwa nova nyingine, FH Serpentis: mwanga wa kawaida uliposhuka, infraredi, ule mwanga wa joto usioonekana kwa macho, ilipanda, na jumla ya vyote haikubadilika sana. Vumbi lilikuwa linameza mwanga na kuutoa kama joto. Ukitaka kuelewa, lisogelee jiko la makaa usiku wa manane. Wekundu umekwisha, lakini kiganja kinakuambia bado kuna moto. Darubini ya infraredi ndiyo kiganja hicho.

Ndani ya moto mkali hivyo, vumbi latoka wapi? (mwalimu, Kakamega)

Gesi hutupwa kwa kasi ya mamia, hata maelfu, ya kilomita kwa sekunde, na kadiri inavyotanuka ndivyo inavyopoa. Mwezi mmoja hadi mitatu hivi baadaye, joto likikaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, kaboni huanza kushikamana kuwa chembe. Ni ndugu wa masizi ya chini ya sufuria, mwalimu. Nova zenye haraka mno, kama V1500 Cygni ya 1975, gesi yao hutawanyika kabla ya masizi kupata nafasi. Inayonifurahisha zaidi ni V705 Cassiopeiae ya 1993. Kwa nadharia ya zamani, kaboni na oksijeni hufungana kuwa monoksidi ya kaboni, na ile iliyozidi ndiyo hutengeneza vumbi. Nova hii ilitoa vumbi la kaboni na la siliketi, jamaa wa mchanga, kwa pamoja. Nadharia ikabidi ilegezwe.

Vumbi hilo litatudhuru mapafu? (Busia)

Liko umbali wa maelfu ya miaka ya nuru. Pumua.

Simu yangu inaweza kuona infraredi? (Dunga)

Kidogo. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya selfi, ubonyeze. Mara nyingi utaona taa ya zambarau. Lakini joto la vumbi la nova liko mbali zaidi ya hapo, na mvuke wa hewa hulinyonya. Kando ya ziwa ndipo pabaya kuliko pote. Ndiyo maana darubini hizo hukaa juu ya Mauna Kea, mlima wa Hawaii, karibu mita 4,200, au angani kama James Webb.

Kwa macho, mngoje T Coronae Borealis. Ililipuka 1866 na 1946, na tarehe ilizotabiriwa karibuni zimepita bure. Julai, saa tatu usiku, tazama kaskazini, juu sana: nusu duara ya nyota, kama bangili iliyokatika. Ukikuta pembeni mwake nyota ambayo jana haikuwepo, niandikie usiku huohuo.