ESB kwa mifumo mitatu ya duka? Bado
Mkuu kwa mifumo mitatu tu, stoo, uhasibu na mishahara, ESB (Enterprise Service Bus, programu ya kati inayounganisha mifumo yote) ni mzigo wa bure, unganisha moja kwa moja kwa API (mlango wa mfumo mmoja kuongea na mwingine) maisha yaende. Ila ikifika kumi ndo balaa, kila mmoja ukitaka uongee na mwenzake unajikuta una viunganishi 45 vya kulea, ukigusa kimoja vingine vinagoma. Hapo sasa ESB inakaa katikati, inapokea data ya muundo wa XML huku inaitoa kwa muundo mwingine wa JSON kule, na uhasibu ukizima meseji zinasubiri kwenye foleni hazipotei (mradi umeseti foleni ihifadhi kwenye diski, hii wengi wanairuka). Serikali ya Tanzania wana GovESB yao (ESB ya kuunganisha mifumo ya taasisi za umma) sababu taasisi ni kibao. We na duka la Kariakoo bado sana aisee.