Muulize pia ufukwe ambao hakwenda

Msomaji anayeandika tasnifu kuhusu namna watu wanavyochagua fukwe za Dar es Salaam ametutumia dodoso lake. Limepangika vizuri, lakini lina tundu litakalozamisha kazi yote: linauliza gharama ya kufika pale mtu alipokutwa, basi.

Modeli ya logiti anayoihitaji, yaani hesabu ya uwezekano wa mtu kuchagua kimoja kati ya vingi, ambayo mwanauchumi Daniel McFadden aliiwekea msingi mwaka 1974, kazi yake ni kulinganisha. Aliyekutwa Coco Beach ameacha Kigamboni, Bagamoyo, na visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Usipojua kila moja ingemgharimu kiasi gani, huna cha kulinganisha. Andika mtaa anaotoka, wilaya haitoshi: Upanga na Chanika zote zimehesabiwa Ilala, ila wa Upanga anafika Coco kwa bajaji moja, na wa Chanika asubuhi yake yote inaishia njiani.

Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, boti kwa visiwa, kiingilio, na muda. Muda huhesabiwa kwa kawaida theluthi ya kipato cha saa. Anayelipwa sh 585,000 kwa saa 195 za mwezi anapata 3,000 kwa saa, kwa hiyo saa 4 za njiani ni sh 4,000. Rudia kwa nusu, kisha kwa sifuri, uone jibu linavyoyumba. Chipsi na mishikaki usiviingize; hivyo mtu huviamua akishafika.

Ukihoji ufukweni, anayekuja mara 10 kwa mwaka utamkuta kirahisi mara 10 kuliko anayekuja mara moja. Mpe kila mmoja uzito wa moja gawanya kwa idadi ya safari zake. Afadhali zaidi uhoji majumbani, maana wasiokwenda kabisa nao wamechagua.

Hatari kubwa iko visiwani. Tuseme Bongoyo inachaguliwa safari 10 katika kila 100, na kila sh 1,000 ya gharama inapunguza mvuto, yaani alama ambayo modeli huupa kila ufukwe, kwa 0.2. Bongoyo ikifungwa, logiti ya kawaida inatoa hasara ya takriban sh 527 kwa wastani wa kila safari, iwe ya Bongoyo au la, na inawagawa watu wake kwingine kote kwa uwiano uleule wa awali. Si kweli: mpenda kisiwa atakimbilia Mbudya kwanza. Weka visiwa viwili hivyo katika kundi lao, utumie logiti ya makundi, inayoruhusu fukwe zinazofanana kupokezana watu zaidi, ndipo umpelekee mtunga sera hesabu hiyo.