Kwa mgeni wa maabara: homoni na ubongo wa panya mchanga

Ukianza kazi ya kuchunguza ubongo unavyokuwa wa dume au wa jike, shika saa kabla ya dozi. Korodani za kijusi cha panya humwaga testosteroni kwa wingi kuanzia siku ya 18 hivi ya mimba, kisha hupandisha tena saa chache baada ya kuzaliwa. Jike hubaki mwepesi kugeuzwa ubongo kuwa wa dume kwa homoni ya sindano kwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Ikifika siku ya 10, mlango umefungwa. Andika saa ya kuzaliwa kwenye kizimba. Ukifuata utaratibu wa maabara nyingine, uliza kwanza kama wao huita siku ya kuzaliwa 0 au 1.

Kwa panya, testosteroni haifanyi kazi yote yenyewe. Kimeng'enya aromatesi huigeuza kuwa estradioli, homoni ya jamii ya estrojeni, ndani ya seli za ubongo. Estradioli iliyo kwenye damu hunaswa na protini ya damu iitwayo alfa-fetoprotini, ndiyo maana jike haathiriki na homoni za mama yake, na ndiyo maana dozi ya sindano huwa kubwa: mikrogramu 100 kwa kichanga. (Usihamishie haya kwa binadamu. Alfa-fetoprotini yetu hainasi estradioli namna hiyo, na androjeni (homoni za kiume kama testosteroni) zenyewe ndizo zenye uzito.)

Yeyusha miligramu 10 za estradioli ndani ya mililita 10 za mafuta ya ufuta, uchome mililita 0.1 chini ya ngozi. Mafuta ni mazito na ngozi ya kichanga ni nyembamba, hivyo usichomoe sindano upesi; subiri sekunde kadhaa, halafu bana tundu kwa kidole. Yakivuja, mama huyalamba na kuwapaka wengine, na kundi lako la kulinganishia, lililochomwa mafuta matupu, si safi tena. Jinsia ipime kwa umbali wa mkundu na kichomozo cha uzazi: wa dume ni karibu mara mbili ya wa jike. Walaze wawili sambamba ukiwa na shaka.

Mtego mbaya kuliko yote ni dawa ya maumivu. Katika eneo la preoptiki, sehemu ya ubongo inayoongoza tabia ya kujamiiana ya dume, estradioli huamsha kimeng'enya COX-2, kemikali ya prostaglandini E2 hupanda, mikroglia (seli za kinga za ubongo) huitikia, na neva huota miiba, yaani vichomozo vidogo vya kupokea ishara, mingi kuliko ya jike. Aspirini na indometasini huziba njia hiyohiyo. Dume aliyezipata uchangani hulegea kupanda jike akikomaa, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye homoni. Kubaliana na daktari wa wanyama mapema.

Wakati wa kupima tabia, jike uliyemchoma uchangani mtoe ovari, kisha mpe testosteroni kwa wiki kadhaa. Bila hiyo hapandi, hata kama ubongo ulishabadilika. Na ndugu wanane wa uzao mmoja usiwahesabu kuwa sampuli nane. Gawanya dozi ndani ya kila uzao, na uzao uingie kwenye hesabu.