Re: Nani ana uhuru wa kuamka tu akasafiri, mwajiriwa au aliyejiajiri?

Mkuu umeuliza nani anaweza kuamka tu akasema leo nasafiri, mwajiriwa au aliyejiajiri. Mi nimepita kote, nimeendesha boda ya mkataba hapa Dar miaka miwili afu nikapata ajira.

Kwenye boda watu wanaona huna bosi, ila hesabu ya tajiri, yaani hela unayompa mwenye pikipiki kila siku, haikungoji, yaani ukilala na homa siku moja au ukaenda msibani kesho yake unadaiwa za siku mbili, kwahiyo hata mshkaji akikwambia twende Bagamoyo mara moja kichwani unahesabu abiria utakaowakosa kabla hata hujamjibu. Inachosha sana ile.

Ajira nayo sheria inakupa likizo siku 28 kwa mwaka na mshahara unaingia, sawa, lakini tarehe anapanga mwajiri. Tangu treni ya SGR ianze 2024 Morogoro ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ila siku ya kazi huendi.

Kwangu kilichobadilisha mambo ni akiba, nilijibana mpaka nikawa na hela ya kula mwezi mzima pembeni. Mama akapiga simu Ijumaa jioni, sauti yake tu nikajua hayuko sawa, nikapanda basi usiku uleule bila kukopa mtu. Enzi za boda nisingeweza kabisa.

We uko upande gani, na una watoto wanaosoma? Maana hapo hesabu inakuwa nyingine.